Sumu Isiyopita Mdomoni

"Sikumtilia kitu," Mama Maua alisema. "Hata mkinikalisha hapa mpaka nywele ziote mvi zote, jibu ni hilo hilo."

Inspekta aliusogeza mbele mfuko wa nailoni uliokuwa juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na chupa ya soda iliyojaa maji meusimeusi.

"Na hii?"

"Maji ya tumbaku, afande. Nachemsha majani, nachuja, napulizia waridi zangu. Vidukari vinakufa siku hiyo hiyo. Muulize muuza maua yeyote."

"Muuza maua yeyote huyaweka jikoni, ubavuni mwa sufuria ya uji wa mgonjwa?"

"Ningeyaweka wapi? Chumbani?"

Lilikuwa jibu zuri, na Inspekta alilipenda, lakini halikumsaidia mama yule hata kidogo. Mumewe, fundi saa aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi, alikuwa ameanguka nyumbani juzi asubuhi. Alitapika, akatokwa na jasho na mate, kisha mwili ukakakamaa na kuanza kurushwarushwa. Hospitali walipima damu wakakuta nikotini, ile sumu ya ndani ya tumbaku, nyingi kupita kiasi. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa anavuta. Tumbaku pekee iliyopatikana ilikuwa ndani ya chupa hii, na aliyewaonyesha polisi ilipo alikuwa wifi yake, dada wa Fundi.

"Tuache chupa," Inspekta alisema. "Siku za karibuni, mumeo alibadilika kitu gani?"

"Anaumwa. Utumbo wake una vidonda, unavuja damu, daktari wake anajua. Mtu wa hivyo anabadilika kila kitu."

"Kitu kimoja kilichokushangaza."

Mama Maua alijibu huku anaangalia dirisha. "Fulana. Alikuwa havui fulana mbele yangu. Mume wangu wa ndoa, ghafla analala na fulana kama mgeni sebuleni. Akioga, mlango kafunga. Nikajua basi, kapata mwanamke huko, kamwachia alama za kucha."

"Ukamuuliza?"

"Akaniambia anasikia baridi. Mimi ni mtoto mdogo?"

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Koplo alisimama pale anahema, simu mkononi.

"Afande, hospitali! Fundi kazidiwa tena. Jasho, mate, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo. Yale yale ya juzi!"

Kiti cha Mama Maua kilianguka. "Yuko hai?"

"Bado wanahangaika naye."

Inspekta alimtazama mwanamke yule aliyesimama katikati ya chumba, pekupeku, khanga imemkunjamana kwa kulalia sakafu ya mahabusu. Usiku mzima alikuwa nyuma ya kufuli la polisi. Aliyempa Fundi sumu asubuhi hii hakuwa yeye.

"Koplo, washa gari."

Kwenye korido mkuu wa kituo aliwazuia kwa tumbo lake. "Inspekta, yule mama anatakiwa mahakamani kabla ya adhuhuri. Karani ananisubiri mimi."

"Mkuu, mgonjwa katiliwa sumu tena saa hizi. Mtuhumiwa wetu alikuwa na mimi, tunatazamana macho kwa macho. Ukimpeleka mahakamani, hakimu atauliza alipenya vipi kwenye nondo. Utamjibu wewe?"

Mkuu wa kituo alivuta tumbo ndani, wakapita.

*

Daktari wa matumbo aliwapokea nje ya chumba cha Fundi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, shati limelowa kwapani.

"Tumemrudisha," alisema. "Mapigo yalishuka mpaka nikaona tunampoteza. Tumempa dawa ya kuyapandisha. Lakini sielewi, na nisichokielewa kinaweza kurudi muda wowote."

"Nikotini?"

"Dalili zote ni zake. Mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini. Sampuli nimeshapeleka maabara."

"Alikula nini?"

"Hajala. Hajanywa. Tangu juzi tunamlaza kwa dawa ili degedege isirudi. Anaishi kwa dripu."

Inspekta alimgeukia Koplo hata kabla daktari hajamaliza. "Chupa ya dripu, mpira wake, sindano, vyote kwenye mfuko. Na nesi wa zamu asitoke."

Nesi wa zamu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuzoea kutii na kutiiwa. Alipoona Koplo anaifungasha dripu yake, alishika kiuno.

"Chupa hiyo nimeifungua mbele ya daktari, na ya pili yake, ya boksi moja, ipo kwa mgonjwa wa jirani. Yule amekaa anasoma gazeti. Mnataka niinywe niwaonyeshe?"

"Hapana, mama," Inspekta alisema. "Niambie tu nani ameingia humu leo."

"Mimi. Daktari. Na dada yake. Dada alikuja mapema na kitambaa na beseni, akaniomba amwogeshe kaka yake mgongo. Nikamwacha. Ndugu wa namna hiyo siku hizi hawapo."

"Alimlisha chochote?"

"Mtu amelala fofofo, atamlisha nini?"

Inspekta alisimama kando ya kitanda. Fundi alikuwa mtu mwembamba, vidole virefu, amelala chali, blanketi mpaka kidevuni. Midomo yake ilikuwa imekauka, lakini mizima.

"Daktari, juzi alipoletwa, ulimtazama mdomo?"

"Mdomo, koo, vyote. Safi."

"Mtu akinywa maji ya tumbaku yaliyochemshwa, mdomo unakuwaje?"

Daktari alishusha miwani. "Unaungua. Ladha yenyewe ni kali mno, mtu mwenye akili zake hamezi funda la pili. Na tumboni tungekuta mabaki. Hatukukuta."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuja na chupa yako, ukaniuliza kama humo kuna nikotini. Nikakwambia imo."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta aliumeza ukweli huo kama ulivyo.

"Kuna ajabu nyingine," daktari aliendelea, na sauti yake sasa ilibadilika, ikawa ya mtu aliyekuwa anatafuta wa kumwambia. "Huyu ni mgonjwa wangu. Kinga ya mwili wake imemgeuka, inaushambulia utumbo mpana, unavimba na kutoka vidonda. Dawa zangu zote zilikuwa zimegonga ukuta. Jana, kwa kuwa alitoa damu kidogo, nilimwingiza kamera. Inspekta, uvimbe umepungua! Vidonda nilivyoviona miezi michache nyuma, vingine vimefunga. Mtu kalishwa sumu, na utumbo wake unapona. Nimekaa na picha zile jana nzima."

Inspekta alikuwa anahesabu njia. Mdomoni haikupita. Kwenye mshipa haikupita, kama nesi alikuwa mkweli, na uso wake ulikuwa wa mkweli. Moshi haukuwapo. Mwili wa mtu una milango mingapi tena?

Dada amemwogesha mgongo. Fundi alikuwa havui fulana.

"Mgeuzeni," alisema.

"Samahani?"

"Mgeuzeni! Ngozi, daktari! Inaingilia kwenye ngozi!"

Nesi na daktari walimshika Fundi bega na nyonga wakamlaza ubavu. Kutoka chini ya mgongo ukaanguka mfuko wa mpira wa maji ya moto, bado una joto. Inspekta akafungua kamba za gauni la hospitali. Katikati ya mabega, pale ambapo mkono wa mwenye mgongo haufiki, palikuwa pamebandikwa vipande viwili vya plasta vya rangi ya ngozi, vya mraba. Pembeni yake palionekana alama za miraba mingine, nyekundu, kingo zake zikiwa na gundi iliyoshika nyuzi za fulana.

Nesi alitoa ukelele.

"Vitoe!" daktari alisema. "Vaa glavu kwanza. Toa, osha kwa maji, usisugue!"

Koplo aliinama akavitazama vilipotua kwenye bakuli. "Afande, hivi navijua. Vibandiko vya nikotini, vya kuachia sigara. Nilijaribu. Nilibandika usiku nikaota naoa wake wawili, wote askari wa trafiki. Nikarudi kwenye sigara."

Inspekta aligusa kibandiko kwa ncha ya glavu. Kilikuwa cha moto.

"Huu mfuko nani aliuweka?"

"Mimi," nesi alijibu, sauti yote imemwishia. "Alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikamwonea huruma. Kwani kuna kosa?"

"Daktari, kibandiko kikipashwa moto?"

Daktari alitazama mfuko, akatazama bakuli. Akajipiga paji la uso mpaka miwani ikaanguka. "Joto linaifungulia dawa! Damu inakuja kwa wingi kwenye ngozi na kuizoa. Kile kilichopimwa kitoke taratibu kutwa nzima, kinamwagika kwa mkupuo. Na vikiwa viwili, vitatu..."

"Dada yake yuko wapi?"

"Bustanini," nesi alisema. "Analia."

*

Dada wa Fundi alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa, mrefu, mwenye kucha safi na maneno ya haraka. Alipomwona Inspekta alisimama kabla ya kuitwa.

"Mmemkamata mwenzake? Maana wifi hawezi kuwa peke yake. Mtu wake kaingia mpaka hospitali kumalizia!"

Inspekta alimwonyesha bakuli.

Kinyume na alivyotarajia Inspekta, dada yule hakuangalia chini. Aliinua kidevu.

"Ndiyo, ni mimi. Nani kavitoa? Mtamrudishia ugonjwa! Hiyo ni dawa!"

"Dawa ya nini?"

"Ya utumbo! Afande, kaka yangu alivuta tangu ujana, na hakuwahi kuumwa tumbo. Wifi akamshika, acha, acha, mpaka akaacha. Haukupita muda utumbo ukaanza kuvuja damu. Mimi nikasema hapa pana jambo. Nikawauliza wafamasia, nikasoma. Nikakuta si yeye peke yake, wapo wengi waliopatwa na ugonjwa huo baada ya kuacha. Na wapo waliobandikwa hivi vitu wakapata nafuu. Nikamletea. Akapata nafuu! Choo chake kilianza kuwa cha mtu mzima."

"Aliviomba mwenyewe?"

"Alikubali kwa sharti moja, wifi asijue. Alikuwa amemwapia kwamba tumbaku haitaingia tena mwilini mwake. Ndiyo maana nilikuwa namwekea mgongoni, ndani ya fulana. Kwanza kimoja. Mwisho akanisihi tuongeze, apone upesi."

"Juzi alipoanguka ulikuwa wa kwanza kufika."

"Naishi nyumba ya pili. Wifi alipiga kelele, nikamtuma akatafute gari."

"Alipotoka, ukavibandua."

"Nilimwapia kaka. Wakimvua hospitali, wifi angeviona."

"Na majibu ya damu yalipokuja? Yalisema nikotini. Wewe umembandika nikotini kwa mikono yako, halafu unakuja kituoni kunionyesha chupa ya mtu mwingine!"

"Kwa sababu hivi haviui mtu!" alipaza sauti, watu wawili kwenye benchi la mbali wakageuka. "Nauza kila siku! Wananunua wazee, wananunua kina mama, hakuna aliyeanguka. Nilijua kuna nyingine iliyoongezwa. Nikakumbuka chupa ya wifi jikoni. Ningefikiri nini?"

Inspekta alimtazama kwa makini. Alikuwa amewahi kuona watu wengi wakidanganya, na wengi wao walikuwa na maneno mazuri kuliko haya. Huyu alikuwa anaamini kila alichosema. Asubuhi ile ile alikuwa ameingia na beseni na kitambaa, akampa kaka yake kwa upendo kitu kile kile kilichokuwa kimemwangusha, akaenda bustanini kumlilia.

"Kaa hapa," alimwambia. "Usiondoke. Koplo, nipigie kituoni. Nataka kuongea na Mama Maua, sasa hivi, hata kama kashapandishwa kwenye gari la mahakama."

Alikuwa kweli kashapandishwa. Ilibidi mlinzi akimbie getini na simu, na Inspekta alisikia mngurumo wa injini kabla ya kusikia sauti ya yule mama.

"Mume wangu?"

"Anapumua. Nijibu haraka. Juzi asubuhi, kabla hajaanguka, alikuwa anaumwa wapi?"

"Tumbo, mpaka mgongoni. Alikuwa amejikunja."

"Ukamfanyia nini?"

"Nikamkanda. Nilimlaza kifudifudi, nikachemsha maji, nikamwekea mfuko wa mpira mgongoni. Akataka kuukataa. Nikamwambia tulia, mwanamume mzima unaogopa maji ya moto? Nikaukandamiza kwa mkono mpaka akalala." Alisita. "Ndipo jasho likaanza. Kwani vipi, afande?"

Inspekta alifumba macho kwa nukta moja.

"Mpe simu dereva," alisema.

*

Daktari alikuwa anatembea huku na huku ndani ya ofisi yake kama mtu aliyeahidiwa safari.

"Unaona sasa? Kuna mshipa wa fahamu mrefu, unatoka kwenye ubongo unashuka mpaka tumboni. Kazi yake mojawapo ni kuiambia kinga ya mwili itulie, isichome nyumba ili imuue panya. Nikotini inaelekea kuigusa njia hiyo hiyo. Ndiyo picha zangu za jana! Ndiyo vidonda vilivyofunga!"

Koplo aliingiza mkono mfukoni, akagusa pakiti yake kwa matumaini mapya. "Kwa hiyo, daktari, sisi tunaovuta..."

"Mnakufa kwa mapafu na moyo kama kawaida. Sigara ni moshi na masumu chungu nzima. Upo ugonjwa mwingine wa utumbo, unafanana na huu kama ndugu, na sigara inauzidisha vibaya. Hata hivi vibandiko, kuna majaribio vilipofaa na kuna vilipogonga mwamba, na wengine waliishia kutapika na kizunguzungu. Hatujui vya kutosha. Ndiyo maana vinataka daktari, si dada kwa siri na mke na maji ya moto." Alivuta pumzi. "Lakini njia ipo, Inspekta. Njia ipo!"

Koplo aliutoa mkono mfukoni taratibu.

"Nataka hayo kwa maandishi," Inspekta alisema. "Vibandiko, joto, mdomo safi, yote. Mkuu wangu atataka kujua kwa nini nimeligeuza gari la mahakama njiani."

Gari lenyewe lilikuwa limeshaingia getini. Mama Maua alishuka kabla halijasimama sawasawa, na askari aliyekuwa naye akabaki ameshika pingu ambazo hakuwahi kuzifunga. Inspekta alimkuta kwenye korido akamsimamisha. Alimweleza kwa maneno machache, bila kuzunguka: vibandiko, fulana, mfuko wa maji. Alingoja.

Mama Maua alitazama viganja vyake.

"Nilikandamiza," alisema. "Nilikandamiza kwa nguvu zangu zote."

"Juu ya kitu ambacho hukuambiwa kipo."

"Sheria inasemaje?"

"Sheria inasema hukujua. Uko huru. Aliyeficha ushahidi na kukusingizia, huyo bado nina mazungumzo naye."

Dada wa Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Kidevu kilikuwa kimeshuka. "Wifi," alianza, "nimekulaza sakafuni kwa polisi. Wifi, nili..."

"Utaniambia. Nipishe kwanza."

Dada akapisha. Kisha Mama Maua, akiwa tayari ameshaingia, alirudisha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika wifi yake kiwiko, akamvuta ndani. Inspekta akaona haimhusu kuwatenganisha.

Daktari alikuwa ameanza kupunguza dawa za usingizi. Fundi alikohoa, akafungua jicho moja, halafu la pili. Aliona dari. Aliona dada yake analia. Aliona sare za polisi mbili. Mwisho kabisa akaona mke wake, pekupeku, nywele timtim, amesimama miguuni pa kitanda na macho mekundu, na woga halisi ukamwingia usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mke wangu," alisema, sauti kama karatasi inayokwaruzwa. "Usiwasikilize. Sijavuta. Hata moja, wallahi, sijavuta."

"Bora ungevuta," Mama Maua alisema. "Nisingelala mahabusu."

Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wake wa vidole virefu, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze sauti, hata nesi.